Paa Linapovuja, Apande Nani?

Wahenga walinena kwamba asifuye mvua imemnyea. Sisi tuliozaliwa pwani ya Bagamoyo tunaisifu masika kwa kuwa ndiyo itupayo mpunga na muhogo, lakini tunaijua pia kwa sura yake ya pili, ile ya usiku wa manane, wakati matone yanapoanza kuhesabika sakafuni na watu wakaamka kusogeza vitanda na kutega masufuria. Nyumba ambayo paa lake linavuja haina mkubwa wala mdogo. Wote hulala macho.

Mama yangu anaishi Mbegani, si mbali na chuo cha uvuvi. Nyumba yake ni ya miti na udongo, imepigwa lipu kwa nje, na imeezekwa mabati ambayo marehemu baba aliyanunua mawili mawili kadiri mshahara wake ulivyomruhusu. Jiko la uani limeezekwa makuti. Katika masika ya mwaka 2024, mwaka ambao kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei, chumba chake cha kulala kilianza kuvuja mahali pawili. Mvua ilipopusa tulikutana watoto wake kushauriana: je, tupande wenyewe, au tumwite fundi?

Mdogo wangu, ambaye ni mvuvi, hakuona kwamba hilo ni jambo la kujadiliwa. "Dada," aliniambia, "mimi natia kalafati mashua inayovuka hadi Unguja. Maji ya bahari nayazuia. Haya ya mvua ndiyo yanishinde?" Hoja yake haikuwa ya kubezwa. Isitoshe, ujira wa fundi ulikuwa utoke mfukoni mwangu, mimi niishiye Dar es Salaam kwa mshahara, mwenye kodi ya chumba na ada za watoto. Nilitamani sana mdogo wangu awe ameshinda hoja.

Mama alimjibu huku mikono yake ikiendelea kusuka makuti. "Mwanangu, mashua huvutwa pwani ikalazwa ubavu, ukaitengeneza umekaa kitako. Paa halilali ubavu. Minazi ile ni yetu tangu enzi za babu yenu, mbona hatuikwei? Tunamwita mkwezi, tunampa nazi zake, naye anashuka salama."

Maneno hayo yalinifanya nipige hesabu upya. Mwenye mnazi hamwiti mkwezi kwa sababu hajui dafu lilipo. Humwita kwa kuwa mkwezi ameizoea kazi ya juu, naye mwenyewe hakuizoea. Aghalabu tunapokadiria gharama za ukarabati huandika bei ya bati, ya misumari na ya ujira, tukadhani tumemaliza. Hatuandiki mguu wa anayepanda. Mdogo wangu akivunjika mguu hapatakuwa na samaki kwa miezi kadhaa, na nyumba mbili zitakosa riziki. Mfanyakazi aliyeajiriwa akiumia kazini ana sheria ya fidia nyuma yake. Anayeanguka kutoka katika paa la mama yake hana ila ndugu zake.

Hata hivyo sikukubali kwamba kila tone ni la fundi. Kuna kazi ambayo mwenye nyumba anaiweza, tena ni yake kabla ya mtu mwingine yeyote: kujua panapovuja. Maji ni hodari wa kudanganya. Huingia mahali pamoja, yakateleza juu ya papi au kenchi, yakadondoka mbali na tundu lenyewe. Kwa hiyo tuliingia chumbani adhuhuri, jua likiwa utosini, tukafunga madirisha na milango. Penye tundu palionekana nuru kama nyota, nasi tukatia alama kwa chaki. Pale ambapo nuru haikuonekana, mmoja alisimama nje juu ya ngazi na kumimina maji kidogo kidogo, akianzia chini ya kipaa na kupanda juu, na mwingine akatazama ndani. Kazi hiyo yote haikumtaka mtu yeyote akanyage bati.

Tulipata mambo mawili tofauti. La kwanza lilikuwa karibu na ukingo wa paa: msumari mmoja ulikuwa umelegea, na mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka kwa jua. La pili lilikuwa juu, karibu na kofia ya paa. Hapo bati lilikuwa limeliwa na kutu, maana hewa ya chumvi itokayo baharini haina huruma na bati, na tulipochoma papi kwa kisu kilichofungwa kwenye ufito, ncha ilizama kama katika muhogo uliooza.

Hapo ndipo uamuzi ulipojipambanua. Tundu la kwanza lilifikika kwa ngazi iliyosimama imara, na mtu mwingine akiishika. Mdogo wangu aliung'oa msumari ule, akaweka mwingine mnene zaidi wenye mpira mpya. La pili lilimtaka mtu atembee juu ya mbao zisizoaminika. Hilo tulimwachia fundi, na mdogo wangu, baada ya kukitazama kisu kile, hakubisha tena.

Kumwita fundi nako kuna adabu yake. Tulinunua vifaa wenyewe. Tulimwomba atuonyeshe kila ubao alioung'oa. Tulipatana kwamba atapokea sehemu ya ujira mwanzoni, na iliyobaki baada ya paa kumwagiwa maji mbele yetu. Fundi wa kweli hachukizwi na masharti kama hayo. Alipokuwa juu alikanyaga penye misumari tu, kwani ndipo penye papi chini yake. Alitueleza pia kwamba msumari hupigwa katika mgongo wa bati, kamwe si katika bonde, kwa kuwa bondeni ndimo maji yapitamo. Alibadilisha papi mbili na mabati matatu, na mdogo wangu alimpokeza vifaa kutoka chini huku akijifunza.

Makuti ya jikoni hatukumwitia mtu. Paa lile ni la chini, makuti alikuwa ameyasuka mama, na kuyapanga na kuyafunga kwa kamba ni kazi tuliyolelewa nayo. Tuliifanya siku moja ya Jumapili, na majirani wakaja kutusaidia bila kuitwa.

Anayedhani kwamba haya ni makuu juu ya matone mawili na atembee hadi magofu ya Kaole, jirani na Mbegani. Kuta za msikiti wa karne ya 13 zingali zimesimama, lakini paa halipo. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ndiyo maana zimevumilia. Nyumba ya udongo haina uvumilivu huo. Maji yakishaingia ukutani, udongo humomonyoka na miti huoza.

Ndugu msomaji ukaaye mjini, huenda nyumba yako ni ya zamani na imeezekwa asbesto. Hiyo usiiguse kwa msumeno wala kwa keekee. Vumbi lake huleta maradhi ya mapafu, pamoja na saratani, miaka mingi baadaye, na vipande vilivyochakaa huvunjika ghafla chini ya mguu. Kwa paa la namna hiyo hakuna mjadala. Mwite mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

Kwa mengine yote, jiulize maswali mawili kabla ya masika ijayo. Je, naweza kupafikia bila kukanyaga bati? Je, mbao zilizo chini yake ni nzima? Ukiwa na jibu la ndiyo kwa yote mawili, shika nyundo na uokoe fedha zako. Jibu likiwa hapana, hata kwa moja tu, lipa ujira kwa moyo mweupe. Mwenye nyumba anapaswa kulijua paa lake, lakini kulijua hakumlazimu kulipanda.