Mama Aliuliza: Biashara Inasomwa?

Siku mdogo wangu alipoleta diploma yake ya Serikali, asilimia 61 katika seksio ya biashara, akasema anataka kwenda Kampala kusomea biashara chuo kikuu. Mama hakugombana. Aliendelea kukunja vitenge vyake, kisha akauliza: «Biashara inasomwa? Mimi nilisomea wapi?»

Sisi wa Butembo tunalielewa swali lile. Wafanyabiashara wetu wanafika Dubai na Guangzhou, na wengine wao hawakumaliza shule ya msingi. Mama mwenyewe amepita Kasindi mara nyingi, soko la jumla la Kikuubo kule Kampala analijua kuliko anavyojua mtaa wetu, na anabadilisha shilingi, franka na dola kichwani bila kalamu. Mimi ndiye niliyemsukuma akubali. Nina diploma ya ISP, basi nilisema maneno makubwa: Kiingereza ni lugha ya biashara, mtoto atajua kuandika mradi, benki itamsikiliza. Juma lililofuata Mama alichukua mkopo wa dola 400 katika AVEC yake, na mimi nikaongeza zamu yangu ya likelemba ya walimu.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwaka matokeo yanapotoka, wamama wananisimamisha njiani kuniuliza kama ni vizuri kutuma mtoto Uganda. Nawajibu harakaharaka. Makosa yetu siwezi kuyasimulia nikiwa na kaye za wanafunzi mkononi na mvua inakuja.

Tulianza vibaya na komisioneri. Alituomba dola 150, akasema atapata nafasi chuoni, atashughulikia karatasi, atatafuta chumba. Kumbe fomu ya kuomba nafasi mtoto angeijaza mwenyewe. Karatasi za Kifaransa zinatakiwa zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambuliwa, na diploma yetu ya sekondari ilinganishwe na ya kwao. Kazi hiyo ya kulinganisha inafanywa na UNEB, ofisi ya mitihani ya Uganda. Komisioneri hakufanya hata kimoja. Mdogo wangu alifika Agosti 2022, akakaa majuma matano nje ya darasa huku wenzake wanasonga mbele. Chuo chenyewe kilikuwa cha kweli, lakini hiyo ilikuwa bahati, maana hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, nalo lina orodha ya vyuo na ya masomo yaliyokubaliwa. Chuo kinaweza kuwa kimekubaliwa na somo fulani ndani yake halijakubaliwa. Ulizeni yote mawili kabla ya kutoa hata dola moja.

Pesa zile zilituuma, zikapita. Kilichobaki ni kimya.

Kila Jumapili mdogo wangu alipiga simu. «Yaya, tuko sawa. Masomo yanaendelea.» Mama anamuuliza amekula nini, anajibu matoke, Mama anacheka, tunakata. Mwaka mzima ulikwenda hivyo. Mimi ninayeandika buletini za watoto 52 kila mwisho wa muhula, sikumwomba hata siku moja anionyeshe alama zake.

Ukweli tuliujua baadaye. Mtoto aliyezoea kupata alama nzuri za hesabu za biashara alianguka katika somo lile lile. Kwanza ni lugha. Kiingereza chetu cha sekondari ni cha kujaza nafasi zilizo wazi, na kule mwalimu anasema saa mbili bila kusimama. Halafu hata kile alichokijua hakikufanana tena na chenyewe. Huku tunafuata mpango wa hesabu wa OHADA, ambayo Congo iliingia mwaka 2012, na kila hesabu ina namba yake: zinazoanza na 6 ni matumizi, zinazoanza na 7 ni mapato. Uganda wanafuata kanuni nyingine za kimataifa, na hesabu wanaziita kwa majina. Yeye alikuwa anatafuta namba zake, hazipo. Kazi nyingi za muhula zilifanywa kwa vikundi. Alikaa kimya katika kikundi, wenzake wakaandika jina lake mwisho, kisha wakaacha kuliandika.

Muhula wa kwanza alianguka masomo matatu, wa pili mawili. Kila somo la kurudia linalipiwa upya. Alilipa kwa pesa za chakula. Zile matoke alizomwambia Mama alikuwa anakula mara moja kwa siku, siku nyingine hakula.

Aliyetuambia ni rafiki wa Mama aliyekwenda kununua mali Kikuubo, akampelekea maharagwe. Aliporudi hakuzunguka maneno: «Mtoto wako amekonda. Shingo imekuwa ndefu.»

Mama alipanda basi kesho yake. Mimi nilibaki nyumbani na hasira, nimetayarisha hotuba kamili ya kumwambia mdogo wangu akiletwa. Siku ya nne Mama alirudi peke yake. Alikunywa chai, akatoa kaye yake ya madeni, akaiweka mezani. Mjue kwamba Mama ana sheria moja na wadeni wake. Anayekuja kusema «sina» anaongezewa siku. Anayebadilisha njia ili asipite mbele ya meza yake, huyo hampi mali tena.

«Mtoto alinikimbia kama mdeni,» akasema. «Nani alimfundisha kwamba mimi ni mtu wa kukimbiwa?»

Sikujibu. Nilikumbuka siku ya safari, kwenye basi, nilimshika mdogo wangu mkono nikamwambia: «Usituaibishe. Mama amekopa.» Niliona ni maneno ya kumpa nguvu. Ndiyo maneno tunayowapa watoto wote wanaoondoka, na shuleni kwangu nimeyasema mara ngapi sijui.

Mambo yalivyotengenezwa hayakuwa ya ajabu. Mdogo wangu aliandika barua chuoni, akaruhusiwa kusimamisha muhula mmoja, akajifunza Kiingereza tu, asubuhi na jioni. Mama alisimama mbele ya wamama wa AVEC akasema wazi kwamba binti yake ameanguka na yeye anaomba muda. Naambiwa kulikuwa na mmoja aliyeguna. Wengine walimwongezea miezi mitatu, na wakatoa kidogo katika sanduku la mshikamano. Mama aliniambia kwamba kusimama pale kulimpa shida kuliko kulipa deni lenyewe.

Siku hizi mdogo wangu anatuma picha ya alama zake zote mwisho wa kila muhula, na anazituma kwa Mama, si kwangu. Mama hasomi Kiingereza lakini anasoma tarakimu. Anajua kwamba 50 ndiyo ya kupita. Ile 47 ya mwaka jana aliiona vizuri sana, akapiga simu, wakaongea karibu saa nzima, na sikuambiwa walisema nini.

Kazi bado ipo mbele. Diploma ya nje inahitaji kulinganishwa na wizara ya elimu ya juu kule Kinshasa, na Kinshasa si jirani yetu. Na akitaka kushika hesabu za kampuni hapa Congo atahitaji OHADA, ambayo hakuisoma Kampala. Nimemwazimia kitabu kwa mwalimu mwenzangu wa seksio ya biashara. Mama anayefikiria kumtuma mtoto, aweke na gharama hizo mbili katika hesabu yake tangu mwanzo, pamoja na miezi sita ya lugha kabla ya chuo. Sisi tungeanza na lugha, tusingelipa masomo matano mara mbili.

Likizo iliyopita mdogo wangu aliomba kaye ya Mama. Akamuuliza vitenge vya safari ya mwisho vilimgharimu kiasi gani. Mama akataja bei ya Kikuubo. Mdogo wangu akaandika, akaongeza basi, forodha ya Kasindi, usiku tatu za hoteli, chakula, wabebaji. Kisha akaandika mstari ambao Mama hakuwahi kuuandika maishani: siku nne za kazi yake mwenyewe. Hesabu ilipofungwa, vile vitenge vya maua ambavyo Mama anavipenda kuliko vyote vilikuwa vimeleta hasara.

Mama aliitazama karatasi muda mrefu. Nilidhani atakasirika. Akauliza siku zake nne zimeandikiwa bei gani, akaambiwa, akasema ni ndogo mno. Akachukua kalamu, akaikata ile bei, akaandika ya kwake.