Shamba la Kuazima: Safari ya Takaungu kwa Wakulima Wadogo

Msafiri atokaye Mombasa kwa barabara ya Malindi huliacha daraja la Nyali nyuma yake, akapita Bamburi na Shanzu, akavuka hori la Mtwapa, na baada ya Kikambala akajikuta katikati ya mashamba ya katani ya Vipingo. Hapo mistari ya katani, iliyonyooka kama safu za swala ya Idi, huendelea hadi macho yakachoka. Mbele yake, kabla ya kufika Kilifi, kuna njia ishukayo upande wa bahari. Ndiyo iendayo Takaungu.

Takaungu si mji mkubwa, lakini ni mji wenye kumbukumbu. Mazrui walipopoteza utawala wa Mombasa mwaka 1837, tawi moja la ukoo huo lilihamia Gazi, upande wa kusini, na tawi jingine likapiga kambi hapa. Katika karne hiyo ya 19, nchi yote kuanzia Takaungu hadi Malindi ilikuwa ghala la nafaka. Mtama na ufuta ulipakiwa majahazini, na kusi ilipovuma vyombo vikaelekea Bara Arabu. Haifai kuisimulia sifa hiyo bila kutaja upande wake wa pili: majembe yaliyolima mashamba hayo yalishikwa na watumwa. Pengine ndiyo sababu moja ya jembe kudharauliwa katika vinywa vyetu mpaka leo. Ni wazazi wangapi ambao hawajamwambia mtoto mvivu wa masomo, "Usiposoma utashika jembe"? Na ni shule ngapi ambazo mwanafunzi aliyechelewa hupewa jembe kama adhabu?

Nilikwenda huko Jumamosi moja ya mwezi wa tano, masika yakiwa yameshika, kuwatazama watoto walioamua kulirudishia jembe heshima yake. Wao ni wanachama wa chama cha 4-K cha shule moja ya msingi iliyo nje kidogo ya mji. Shule sitaitaja, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mbele.

Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka 4-K. Herufi hizo ni za maneno Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Asili ya vyama hivi ni mbali: mwaka 1902, katika wilaya ya Clark, jimbo la Ohio huko Marekani, mwalimu A. B. Graham aliwakusanya watoto wa shule wapande mahindi, walime bustani na kupima udongo. Kutokana na mbegu hiyo kikaota chama cha 4-H, chenye nembo ya jani la sehemu nne: kichwa, moyo, mikono na afya. Kenya ilipokuwa ikiingia katika uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyama vya mfano huo vilianzishwa katika shule zetu, navyo vikavikwa jina la Kiswahili. Baadaye vilififia, mpaka serikali ilipovizindua upya mwaka 2021.

Watoto wa Takaungu hukutana mara mbili kwa wiki: Jumatano masomo yanapokwisha, na Jumamosi alasiri, baada ya chuo cha Kurani na chakula cha mchana. Nilipofika walikuwa wamekwisha kuswali, wavulana wamekunja suruali na wasichana wamefunga leso viunoni. "Shikamoo, ami," wakasema kwa pamoja, kisha kila mmoja akarudi katika tuta lake. Hapakuwa na mtu mzima aliyewapigia kelele. Mwalimu mlezi alikuwa ameketi chini ya mwembe, akinoa mapanga.

"Sharti la kwanza la chama," aliniambia, "ni kwamba hapana mtoto anayepelekwa shambani kwa adhabu. Aliyekosa huzuiwa kuja. Hiyo ndiyo adhabu yenyewe."

Shamba lao halizidi nusu ekari. Upande mmoja kuna mchicha na kunde, katikati kuna mahindi, na sehemu kubwa iliyobaki ni mihogo. Maji ni taabu. Kisima cha karibu kina maji ya chumvichumvi, kama visima vingi vilivyo jirani na bahari, na watoto wamejifunza kwa majaribio kwamba mchicha huyavumilia maji hayo lakini vitunguu na maharagwe huyakataa. Kwa hiyo wanaitegemea mvua ya paa. Katibu wa chama, msichana wa Gredi ya 6, alinionyesha hesabu iliyoandikwa kwa chaki ubavuni mwa tangi: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa la madarasa mawili lina mita za mraba 100. Mvua ya milimita 20 basi ni lita 2,000, ukitoa kinachomwagika. "Wazee wetu walijenga majabia ya kuwekea maji ya mvua," alisema. "Sisi tuna tangi, lakini hesabu ni ile ile."

Wadudu nao wana dawa yao. Majani ya mwarobaini, ambao kwingine huitwa mkilifi kana kwamba ulizaliwa katika kaunti hii ingawa asili yake ni Bara Hindi, hutwangwa, hulowekwa usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa, kisha hutiwa sabuni kidogo ili dawa ishike majani. Kunde zilizokuwa zimejaa vidukari wiki mbili kabla, niliziona zikitoa maua.

Lakini fahari ya chama hiki ni mihogo, na hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Kila nyumba ya Pwani inajua thamani ya muhogo. Ni muhogo wa nazi wa futari, ni muhogo wa kuchoma wa jioni pwani, na katika mwaka wa njaa ndio mlo wenyewe. Misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, mvua zilipungua mno katika nchi za Pembe ya Afrika, na bara ya Kilifi iliumia vibaya. Mahindi yalikauka yangali mafupi, na mihogo ndiyo iliyostahimili zaidi. Hata hivyo, mihogo nayo ina maradhi mawili makubwa: batobato, inayokunja majani na kuyatia madoa, na michirizi ya kahawia, ambayo ni ya hila zaidi. Mti wenye michirizi unaweza kusimama umenawiri, majani yakibadilika rangi kidogo tu, na mama akaja kugundua jikoni, anapomenya muhogo akaukuta ndani umeoza kikavu, una rangi ya hudhurungi, haufai kwa mtu. Maradhi yote mawili huenezwa na inzi weupe, na pia na sisi wenyewe tunapokata pingili za mti mgonjwa na kuzipanda tena. Kibandameno, muhogo mtamu tunaoupenda, ni miongoni mwa zile zinazodhurika sana.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kimetoa mbegu zinazostahimili zaidi, zenye majina ya kupendeza: Tajirika, Shibe, Karembo, Karibuni, Nzalauka na Siri. Tatizo ni kwamba pingili ni mzigo mzito, huharibika zikikaa, na bibi kizee aliye kijijini hana njia ya kuzifuata. Chama kilianza na matita machache ya mbegu hizo, na kazi ya kwanza ilikuwa kuyazidisha. Mti mmoja uliokomaa hutoa pingili kumi hivi, kila moja yenye urefu wa shibiri moja au zaidi na vifundo visivyopungua vitano. Huzipanda kwa nafasi ya mita moja kila upande. Kila Jumamosi wawili wawili hupita katika mistari, na mti wenye dalili ya ugonjwa hufungwa kitambaa chekundu, mwalimu huuhakikisha, kisha hung'olewa na kuchomwa. Niliona mtoto mdogo akiung'oa mti aliokuwa ameupanda mwenyewe. Midomo ilimtetemeka, lakini aliung'oa.

Zikipatikana pingili safi, huduma huanza. Wanachama huenda kwa zamu katika nyumba za wajane, wazee na wagonjwa, wakalima kwa ujima, wakapanda, na baada ya wiki chache wakarudi kupalilia. Nilifuatana nao hadi kwa bibi mmoja anayeishi na wajukuu watatu. Walimaliza kipande chake kabla ya magharibi. Bibi alitaka kuwapikia chai. Mwenyekiti, mvulana mpole wa sauti ya chini, akamjibu, "Bibi, chai tutakunywa siku ya kuvuna." Bibi akacheka, akasema, "Basi mniombee nifike." Wakaitikia wote, "Inshallah."

Mboga zinauzwa kwa mafungu langoni mwa shule, na fedha huandikwa katika daftari linalosomwa kwa sauti mwisho wa mwezi. Mwalimu wa chuo aliwahi kuwaeleza hesabu ya zaka ya mazao: sehemu moja ya kumi kwa kilichonyweshwa na mvua, na nusu yake kwa kilichonyweshwa kwa taabu ya mikono. Bustani yao haifikii kiwango cha kuwajibisha zaka, lakini hesabu hiyo iliwapendeza, wakaamua kuifuata kama sadaka ya hiari. Masika hutoa fungu moja katika kumi, na kiangazi, wanapobeba ndoo, fungu moja katika ishirini. Mafungu hayo hupelekwa majumbani kimyakimya, kabla lango halijafunguliwa kwa wanunuzi.

Nilimwuliza mwalimu kwa nini hakuna hata mti mmoja wa matunda uliopandwa na watoto katika shamba lile, ilhali pembeni mwa darasa kuna kitalu kilichojaa miche ya miembe ya ngowe na boribo, mikorosho na minazi. Aliweka panga chini.

"Shamba si letu," alisema. "Ni la kuazima."

Mwenyewe alikuwa mzee wa mji, aliyewaruhusu kwa maneno, mbele ya mashahidi, walime mazao ya msimu mpaka atakapolihitaji. Mzee amekwisha kufariki. Warithi ni wengi, wengine wako Mombasa, wengine Ghuba, na bei ya ardhi iliyo karibu na bahari imepanda. Baadhi yao wanataka shamba liuzwe, kila mtu apate fungu lake. Binti mmoja wa marehemu amesema fungu lake yeye liwe wakfu kwa ajili ya watoto. Wamekutana, na hawajaafikiana. "Hatuwezi kuwalaumu," aliendelea mwalimu. "Haki ya mwenye haki ni yake. Mmoja wao ana mtoto hospitalini. Nani atamwambia asiuze?"

Hapo nikafahamu habari ya miti. Katika mila ya Pwani yetu, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Mtu huweza kumiliki minazi iliyo katika ardhi isiyo yake, akaiuza au akawarithisha wanawe. Kwa hiyo kupanda mnazi katika shamba la mwenzio si jambo dogo. Ni kama kutia sahihi. Lau watoto wangalipanda miti ya kudumu, warithi wangalikuwa na haki ya kuuliza ni dai gani hilo linaloota mizizi. Chama kiliamua kwamba ahadi ya marehemu ilikuwa ya mazao ya msimu, na wao hawataipindisha, hata kama shamba litaondoka mikononi mwao.

Miche yote, basi, hutoka nje. Mingine imepandwa katika viwanja vya misikiti, mingine zahanati, mikorosho kadhaa iko kwenye nyumba za watu, na miarobaini inatia kivuli pembeni mwa makaburi, mahali ambapo waombolezaji walikuwa wakisimama juani. Kila mche una mtoto anayeutunza miaka miwili ya mwanzo, na jina lake limeandikwa daftarini.

Katika daftari hilo hilo kuna ukurasa wa mihogo. Una safu ya jina la nyumba, aina ya mbegu, idadi ya pingili na tarehe. Safu ya mwisho ina kichwa kimoja tu: "Amempa nani?" Maana sharti la kupokea ni kwamba ukivuna, umpe jirani yako pingili safi kwa idadi ile ile uliyopewa. Safu hiyo bado ina nafasi nyingi tupu, kwa kuwa mihogo mingi haijakomaa. Lakini mistari ya juu imejaa, na baadhi ya majina yaliyoandikwa humo ni ya vijiji ambavyo watoto hao hawajawahi kufika. Shamba likiuzwa kesho, mbegu haiko tena shambani peke yake.

Warithi watakutana tena kabla ya mvua za vuli. Ndugu msomaji, ukipita barabara ya Malindi na una nafasi, kata kulia baada ya katani, ushuke mpaka Takaungu. Majembe ya watoto yanahitaji mipini, tangi linahitaji mfereji wa paa ulio mzima, na kitalu kina miche inayotafuta ardhi yenye mwenyewe atakayeikubali. Kama una kiwanja, hata kidogo, chukua mmoja.