Barua za Mama

Akina mama wenzangu, nina kisa kidogo cha nyumbani kwangu hapa Singida.

Mama yangu alipofariki mwaka 2016, niliziandika barua zake zote kwenye kompyuta. Kijana wangu akazibana pamoja na picha zake zikawa faili moja la zipu. Aina hiyo ya faili ilibuniwa na Mmarekani Phil Katz mwaka 1989. Kompyuta hutafuta maneno yanayojirudia. "Mwanangu mpenzi" likiandikwa mara ya pili, huweka alama fupi tu ya kuonyesha lilikotangulia. Ndiyo maana barua hupungua sana, lakini picha, ambazo kwa kawaida kamera imekwisha kuzibana, hazipungui kitu. Wala si kama mlenda wa kukausha, usiorudia ubichi wake hata ukiulowesha. Faili likifunguliwa, kila herufi hurudi mahali pake.

Nilifurahi, nikafuta zile za mwanzo, nikabaki na faili hilo kwenye flashi. Siku ya kumbukumbu ya mama likagoma kufunguka. Nililia. Kumbe vitu vikifungwa pamoja, huweza kupotea pamoja!

Barua za karatasi zilikuwa bado sandukuni, nikaziandika upya. Picha hazikurudi.

Dada mpendwa, kubana si kuhifadhi. Weka nakala mbili, mahali pawili, nawe uzifungue zote uzione kabla hujafuta za mwanzo.