Kovu la Maji Moto

Mwilini mwangu mna makovu mawili ya usiku mmoja. La kwanza liko chini ya kitovu, na hilo sina neno nalo, kwani ndio mlango aliotokea binti yangu. La pili liko kwenye kisigino cha mguu wa kushoto, kubwa kama kifuniko cha soda. Hilo nililipata kwa sababu ya kupendwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Ilikuwa Julai 2009. Wewe uliyewahi kulala Ndabibi mwezi huo huhitaji kuelezwa. Ziwa Naivasha lenyewe liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, nasi tuko magharibi yake, upande wa milima ya Eburru, ambako upepo wa usiku haujui mlango wala dirisha. Ajabu ni kwamba hatuko mbali na Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Moto uko chini ya miguu yetu na bado meno hugongana!

Uchungu ulinishika usiku wa manane. Jirani alitutoa kwa pikapu yake kupitia Kongoni, mvua ikitunyeshea, na tulipofika hospitalini (ambayo sitaitaja) niliambiwa mtoto amechoka, lazima nipasuliwe mara moja. Nilivuliwa nguo zangu zilizolowa, nikapewa gauni jepesi lililo wazi mgongoni, nikalazwa kwenye machela ukumbini kungoja. Hakuna aliyenifunika. Nami, kwa ile tabia yetu ya kutotaka kuwasumbua wakubwa, sikusema.

Nilidungwa sindano ya mgongo. Kabla hata mtoto hajalia, nilianza kutetemeka. Si kule kutetemeka kwa mwoga, la! Mabega yangu yaligonga meza ile hadi daktari akaniomba nijitahidi kutulia, kana kwamba nilikuwa na uwezo. Nilipoonyeshwa mtoto sikuthubutu kumshika.

Wodini alikuwa akiningoja wifi yangu. Aliponiona katika hali ile, alichukua chupa ya plastiki, akaijaza maji moto kutoka kwenye themosi yake, akaizungushia leso na kuniwekea miguuni. Nani angemlaumu? Kwetu mtu mwenye baridi huoteshwa moto. Lakini miguu yangu ilikuwa bado imekufa ganzi, sikuhisi lolote. Ganzi ilipokwisha asubuhi, kisiginoni mlikuwa na lengelenge kubwa, na wifi alilia kuniliko mimi. Siku ya sita mshono wa tumbo nao ukatunga usaha. Siwezi kuapa kwamba ni ile baridi, kwani yako mengi yanayoweza kuharibu kidonda. Lakini nililala hospitalini siku nyingi kuliko wenzangu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilitetemeka kwa woga na kwa mvua ya Julai. Kisha mwaka wa 2023 mama yangu akatakiwa kupasuliwa uvimbe wa tumbo, katika hospitali nyingine, na nikakutana na muuguzi mmoja mwenye subira. Nilimsimulia kisa changu akiwa anampima mama joto la mwili.

"Mama, hukuwa mwoga," akaniambia. "Ni dawa."

Alinieleza hivi. Mwili wenye afya huweka joto lake la ndani karibu na nyuzijoto 37. Mkono na mguu hupoa, lakini moyo, ini na ubongo hulindwa, kwa sababu mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hujifunga kukiwa na baridi. Dawa ya usingizi, na hata ile ganzi ya mgongoni, huilegeza mishipa hiyo. Damu yenye joto hukimbilia miguuni na mikononi, na ile baridi ya huko hurudi ndani. Ni sawa na mwenye nyumba aliyelala huku ameacha madirisha yote wazi. Katika saa ya kwanza pekee joto la ndani laweza kushuka kwa digrii nzima au digrii moja na nusu. Ongeza hapo chumba chenye baridi, dawa ya kuua viini inayokauka juu ya ngozi, tumbo lililo wazi na maji baridi yanayoingizwa mshipani. Likishuka chini ya 36, damu huganda polepole, dawa hukawia kutoka mwilini, na kinga ya mwili hudhoofika pale pale penye kidonda.

Haya si maneno matupu. Mwaka wa 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi uliofanyiwa Austria kwa wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana. Kati ya walioachwa wapoe, vidonda vya wagonjwa 19 katika kila 100 viliambukizwa. Kati ya waliopashwa joto, walikuwa 6 tu. Tofauti yenyewe ya joto ilikuwa takriban digrii mbili. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani likapendekeza wagonjwa wapashwe joto wakiwa katika chumba cha upasuaji na wakati wa upasuaji.

Lakini kumbuka na neno hili: "kabla". Mimi nilikuwa nikidhani blanketi ni la baadaye. Kumbe ngozi ikiwa imeshapata joto, damu inapokimbilia huko haikuti baridi ya kurudi nayo. Mama alifunikwa nusu saa nzima kabla ya kuingizwa ndani, soksi miguuni, kichwa kimefungwa. Huko ndani, niliambiwa, walikuwa na blanketi linalopuliziwa hewa yenye joto, na maji ya mshipani yaliwekwa katika kifaa cha kuyapasha. Si kila hospitali ina mashine hizo, lakini sweta, soksi na blanketi ziko hata Ndabibi.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa, mpelekee vitu hivyo, na umuulize muuguzi anaweza kubaki navyo hadi saa ngapi. Ukiwa wewe ndiye mgonjwa na unahisi baridi pale unapongoja, sema, tena sema kwa sauti. Ukiwa unapasuliwa ili ujifungue, uliza kama mtoto anaweza kukaushwa na kulazwa kifuani pako ngozi kwa ngozi, nyote wawili mfunikwe. Lakini chupa ya maji moto usimkaribishie mtu mwenye ganzi, hata uifunge leso kumi. Asiyehisi moto hawezi kukuambia anaungua.

Mama alitolewa ndani baada ya saa mbili hivi. Muuguzi akampima tena: 36.4. Nilimshika mkono, ukawa na joto kuliko wangu. Nilipogeuka nikamwona wifi amesimama mlangoni na themosi yake ile ile, akimtazama muuguzi kama mshtakiwa.

"Ni chai tu," akasema. "Atainywa mkimruhusu."

Waliruhusu kesho yake asubuhi. Mama alikunywa vikombe viwili.