Krismasi ya Wastaafu Huanza Novemba



Hapa Uingereza siku zimekuwa fupi na ikifika saa kumi jioni giza limeshatanda. Haya ndiyo majira ambayo watu wa nyumbani Afrika Mashariki huyachorea picha akilini wanapowaza uzee wa Ulaya: kikongwe mmoja, televisheni moja, na watoto walio mbali. Picha hiyo si ya uongo. Mwaka 2018 serikali ya hapa iliona haja ya kumkabidhi waziri jukumu la kupambana na upweke, na sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales ilikuta watu zaidi ya milioni 3 wenye miaka 65 na kuendelea wakiishi peke yao. Hata hivyo, katika wiki hizi za kuelekea Krismasi, wastaafu wengi hawakai ndani. Wako kwenye mabasi ya kukodi, kwenye kumbi za makanisa na kwenye meza ndefu za mikahawa, na wanacheka kwelikweli. Wapo wanaodhani raha hiyo inaletwa na utajiri wa nchi au na huruma ya msimu. Mimi naona imejengwa juu ya vitu ambavyo wengine wameviacha bila kazi: vyumba vitupu, viti vitupu na saa za mchana. Vyaelea, naam, lakini vimeundwa.

Tazama hoteli za pwani. Miji kama Blackpool, Scarborough na Llandudno ilinawiri kwa familia zilizokwenda kupunga upepo wa bahari kila kiangazi. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, ndege za bei nafuu za kwenda Hispania ziliwachukua wengi wa wateja hao. Blackpool yenyewe ilikuwa na ujanja wa zamani wa kurefusha msimu, taa zake za barabarani ambazo historia yake inaanzia 1879, lakini taa pekee hazijazi vitanda vya Novemba. Basi wenye hoteli wakabuni jambo ambalo mgeni atalicheka: Krismasi ya kuigiza. Kundi la wastaafu linafika Jumatatu kwa basi. Kesho yake huenda ikawa ndiyo mkesha, keshokutwa ndiyo Krismasi yenyewe pamoja na bata mzinga na zawadi, Alhamisi wanaukaribisha mwaka mpya, na Ijumaa wanarejea makwao. Mwajiriwa hawezi kwenda safari hiyo, na mzazi mwenye watoto shuleni ndiyo kabisa. Mstaafu anaweza, na ndiyo maana anauziwa kwa bei ya chini kile ambacho wakati wa kiangazi kingemshinda.

Kanuni hiyohiyo inaendesha mambo mengine. Chini ya mpango ulioanza 2008, aliyefikia umri wa pensheni ya serikali hupanda mabasi ya kawaida bure popote England, ila siku za kazi kadi yake kwa kawaida hutambuliwa kuanzia saa tatu na nusu asubuhi, wafanyakazi na wanafunzi wakishafika waendako. Ukumbi wa kanisa ambao Jumapili umejaa, Jumanne mchana hauna mtu. Mkahawa unaofurika Ijumaa usiku unatafuta wateja wa chakula cha mchana katikati ya wiki. Kumbi za michezo ya kuigiza zina maonyesho ya alasiri. Kinachounganisha viti hivyo na watu ni vikundi: Women's Institute, chama cha wanawake ambacho hapa Uingereza kilianza Wales mwaka 1915, au u3a, mtandao wa wastaafu wanaofundishana bila mitihani, ambao wazo lake lilizaliwa Toulouse, Ufaransa, mwaka 1973 na kuvuka bahari miaka ya 1980 ilipoanza. Kila kikundi kina mweka hazina anayekusanya michango mapema, na mtu mmoja mwenye orodha ya majina anayejua nani hali nyama na nani anahitaji kiti karibu na mlango.

Lakini kwa nini yote haya yafanyike kabla ya sikukuu? Kwa sababu sikukuu yenyewe huifunga nchi. Tarehe 25 Desemba treni hazitembei, na London nzima haina basi wala treni ya chini ya ardhi. Asiye na gari, na asiye na mtu wa kumfuata kwa gari, hatoki. Siku ile imeachiwa familia, na asiye na familia karibu ameachwa nje yake. Kwa mtu wa namna hiyo, chakula cha mchana cha kikundi cha tarehe 10, na mataji ya karatasi wanayovaa mezani, ndicho Krismasi yake. Hana kingine anachokisubiri.

Najua atakayesema kwamba haya ni matunda ya pensheni, na kwamba maskini hafiki Llandudno. Ana haki kwa sehemu. Wapo wasioweza kulipa, na wapo ambao miguu haiwatoi kitandani. Lakini serikali haimpi mstaafu fedha za kufanyia karamu: zawadi yake ya Krismasi kwa wapokea pensheni ni pauni 10, kiwango kilichowekwa mwaka 1972 na ambacho hakijapanda hadi leo. Tena, katika vijiji ambako njia za basi zimefutwa, kadi ya bure imebaki pambo mfukoni hata kwa mwenye akiba benki. Usafiri na mahali pa kukutania vikikosekana, fedha haziokoi kikundi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: sisi tuna watoto na wajukuu, vikundi vya nini? Familia ni neema, sibishi. Ila siku ya sikukuu kwetu bibi ndiye anayeamka alfajiri kukaanga na kupakua, na jioni bado amebeba mjukuu. Amezungukwa na watu, lakini hakuna wa rika lake wa kukumbushana naye mambo ya ujana. Wanaume wana baraza, kahawa na bao. Wanawake wengi wa umri huohuo hukutana zaidi kwenye misiba na harusi, nako hukutana jikoni. Mapenzi ya watoto hayachukui nafasi ya wenzako wa hirimu moja.

Wala kufurahi kabla ya msimu si desturi ya kigeni kwetu. Watu wa Pwani huvunja jungu kabla ya Ramadhani, na huenda matembezi kwa ajili hiyo. Vitu visivyo na kazi pia tunavyo. Masika ya Aprili na Mei hoteli za Diani na Zanzibar hushusha bei au hufunga kabisa. Mabasi madogo hukaa kituoni mchana yakisubiri abiria. Kumbi za parokia zina siku tupu, na vyama vya wastaafu, vikoba na upatu vipo tayari. Ni kweli shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa Inua Jamii kule Kenya, au pensheni jamii iliyoanza Zanzibar mwaka 2016 kwa wenye miaka 70, hazitoshi kukodi chumba cha ufukweni. Lakini huenda wazee arobaini wakichanga kidogokidogo wakapata basi kwa nusu siku, na mwenye hoteli asiye na mgeni atapendelea sahani arobaini za bei ya chini kuliko ukumbi mtupu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasomaji wenye wazazi wastaafu si la kutuma fedha zaidi. Mwulizeni mama ni nani angependa kukaa naye meza moja, kisha msaidieni kikundi chake kupata namba ya simu ya meneja wa hoteli na ya mwenye basi. Na siku hiyo wajukuu wabaki na nyinyi.