Frere Town: Mahali Ambapo Hata Nyuki Huona Njaa

Mtu atokaye kisiwani Mombasa, akavuka daraja la Nyali na kushika njia ya Malindi, hachelewi kufika Kengeleni. Mahali hapo palipata jina kwa ajili ya kengele iliyowekwa zamani ili kuwaonya wakazi wa Frere Town juu ya hatari ya wateka watumwa. Siku hizi njia panda ile imejaa magari, pikipiki na wachuuzi, na soko kubwa la Kongowea haliko mbali. Lakini kengele ingali ipo, na kanisa la Emmanuel lingali limesimama.

Katika mwaka wa 1872 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja kuzungumza na Sultani Barghash habari ya kukomesha biashara ya watumwa, na mwezi wa Juni mwaka wa 1873 mkataba ulitiwa sahihi. Mwaka wa 1875 chama cha Church Missionary Society, kikiongozwa na Mchungaji W. S. Price, kilianza kijiji hiki na kukipa jina la bwana yule. Watu waliookolewa na manowari kutoka majahazini waliletwa hapa. Walikuwapo pia Waafrika waliosomeshwa Nasik, katika Bara Hindi, ambao walikuja kuwa walimu na mafundi. Wale waliookolewa walifika mikono mitupu. Ilikuwa hapana budi walishwe kwanza, mpaka waweze kujilisha wenyewe.

Nyumba sasa zimesongamana, na mwenye mizinga hawezi kuitundika karibu na njia wala shule, maana nyuki wa pwani, ingawa ni wadogo, ni wepesi wa hasira. Yafaa aitafutie mahali pa upweke, kama vile ukingoni mwa hori ya Tudor, upande wa magharibi wa Kisauni, penye mikoko. Huko mti uitwao mchu hutoa maua yenye asali. Minazi huchanua mwaka mzima, na miembe na mikorosho huongeza neema kwa msimu wake. Mtu aonaye miti hiyo yote hudhani kwamba nyuki wa Frere Town hawajui njaa.

Lakini mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekaza, mambo hugeuka. Mvua huosha utamu katika maua, na nyuki hushindwa kuruka siku baada ya siku. Aliyevuna masega yote bila kuwaachia akiba huukuta mzinga mwepesi, majana yamepungua. Nyuki wetu hawangoji kufa njaani, huhama. Asubuhi moja mwenyewe hufika akakuta nta tupu na nondo.

Dawa ni kuwalisha shira ya sukari, na hapo ndipo shauri huzuka nyumbani. Mke huuliza: "Baba watoto, sisi tunywe chai isiyo na sukari, na wadudu wako wanywe shira?" Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa ukali. Jibu lake ni hesabu. Kundi dogo huweza kuvushwa wiki kadhaa za mvua kwa kilo chache za sukari. Kundi lililohama huondoka na mavuno ya mwaka mzima. Lakini kundi lenye akiba ya kutosha lisilishwe, maana hiyo ni kupoteza sukari bure.

Shira hutengenezwa kwa kilo moja ya sukari nyeupe na lita moja ya maji. Maji yachemshwe, yaepuliwe motoni, ndipo sukari itiwe na kukorogwa mpaka iyeyuke. Sukari iliyoungua huwadhuru nyuki. Sukari guru nayo isitumike, kwa kuwa huwaharisha. Wala asali ya kununua isitumike, kwani huweza kuleta maradhi ya mizinga mingine.

Vyombo vya kulishia ni vya namna nyingi, na kila kimoja kina faida na hasara yake. Cha kwanza ni chupa iwekwayo mlangoni mwa mzinga. Ni rahisi kuijaza bila kufungua mzinga, lakini harufu yake huwaita siafu na nyuki wezi wa mizinga mingine, na kundi dhaifu haliwezi kujitetea. Hapa pwani haifai sana.

Cha pili ni kisanduku chembamba kininginizwacho ndani, mahali pa fremu moja, katika mzinga wa fremu aliouvumbua Mmarekani Langstroth na kuuandikisha mwaka wa 1852. Huchukua shira nyingi karibu na nyuki, ila ni lazima vijiti vikavu vielee juu yake, au nyuki watazama. Kila mgema wa Kisauni amekwisha kuona nyuki waliokufa ndani ya kibuyu cha tembo. Utamu usio na pa kukanyaga ni mtego.

Cha tatu ndicho kimfaacho mtu wa kipato kidogo: mkebe safi wenye kifuniko kilichotobolewa matundu machache kwa msumari mwembamba. Hujazwa pomoni, ukapinduliwa juu ya vijiti viwili, nyuki wakanyonya kwa chini. Shira haimwagiki, kwa sababu hewa ya nje huizuia. Lakini mkebe ukiwa nusu tupu na jua likaupiga, hewa ya ndani hutanuka na kuisukuma shira nje. Kwa hiyo uwekwe kivulini, ndani ya mzinga. Katika mzinga wa pau ulioenea Kenya tangu miaka ya 1970, hukaa vema nyuma ya sega la mwisho, mbali na mlango.

Nyuki walishwe jioni, wakati wezi wamekwisha kurudi makwao. Mlango upunguzwe, na tone lililoanguka lifutwe. Shira itiwe kidogo kidogo, kwa maana katika joto la Mombasa huchacha upesi. Iliyochacha imwagwe mbali na chombo kioshwe. Nyaya za kutundikia mizinga zipakwe grisi kuwazuia siafu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la uaminifu. Maua yarudipo, chombo kiondolewe kabla nyuki hawajaanza kujaza masega ya kuvunwa. Alishaye wakati wa mavuno huuza sukari kwa jina la asali, na mnunuzi akigundua, hatamwamini yeye wala jirani yake.

Walioanza Frere Town hawakulishwa ili wakae wakingoja sahani. Walilishwa ili siku moja walime na kula chao. Na mzinga ni vivyo hivyo: mkebe ni wa siku za mvua tu. Chakula bora cha nyuki ni asali yao wenyewe, iliyoachwa na mvunaji mwenye kiasi, na mchu ambao haukukatwa kuwa kuni.