Mkono wa Tela

Watu wa Bariadi wananifahamu kama fundi wa breki za upepo. Injini nazipenda, giaboksi nimefungua nyingi, lakini moyo wangu ulibaki kwenye breki tangu ujana wangu katika karakana ya jeshi. Fundi mkuu wetu, mzee aliyeendesha lori wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, alikuwa na swali lake la asubuhi: "Kijana, upepo umefika wapi?" Hakutaka jibu la juu juu. Ulitakiwa uanzie kwenye kompresa, uingie kwenye tangi, ufuate paipu hadi valvu ya pedeli, utoke hapo uende kwenye chemba za magurudumu, kisha useme upepo unatokea wapi dereva akiachia. Ukishindwa kuufuata kwa mdomo, hukuruhusiwa kuugusa kwa spana. Vijana wengi walimwona mkali. Mimi nilimpenda, na hadi leo sijapata njia nyingine ya kufundisha breki.

Nilipofungua gereji Somanda, Bariadi ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu wa sasa, Simiyu, ulianzishwa 2012. Kazi yetu huku ni pamba. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, malori yanaingia vijijini Itilima, Meatu na Maswa kuisomba kutoka kwenye maghala ya vyama vya ushirika na kuileta viwandani kuchambuliwa. Pamba ambayo haijachambuliwa huchukua nafasi kubwa kuliko uzito wake. Bodi linajaa hadi juu ya kingo na springi za lori bado ziko wima. Ndiyo maana kila mwenye lori anatamani tela.

Tamaa hiyo ndiyo iliyoniletea Bedford moja. Ilikuwa lori la jeshi la Uingereza, la kiwanda cha Dunstable. Malori ya aina hiyo yalipomaliza utumishi, mengi yalinunuliwa na watu wa safari, yakafungwa viti na kutumika kuzungusha watalii Afrika Mashariki. Hili, mwenye nalo alilipata kwa watu wa namna hiyo. Alikuwa mzee mfanyabiashara wa Lamadi, karibu na geti la Ndabaka la Serengeti. Aling'oa viti, akarudisha bodi, akanunua tela la ekseli mbili.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia. Tulipomaliza kujuliana hali akanionyesha nyuma ya lori. Ndoano ya jeshi ilikuwa imara, na viungio vya upepo vyote viwili vilikuwepo, chekundu na cha njano. Chekundu hupeleka upepo kwenye tangi la tela wakati wote. Kikikatika, tela linajishika lenyewe. Cha njano hupeleka amri: dereva akikanyaga, upepo unapita hapo na kuliambia tela lishike. Kilichokosekana ni mkono wa kushika breki za tela peke yake.

"Fundi, pedeli si inashika vyote?" aliuliza.

"Inashika vyote, baba. Shida ni pale unapotaka kishike cha nyuma tu."

Yeyote aliyeendesha kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua atanielewa. Lori likiteremka kuelekea kwenye kalavati, dereva akikanyaga, magurudumu ya nyuma ya lori yanaweza kupoteza mshiko wakati tela bado linakuja na uzito wake. Linasukuma. Nyuma ya lori inakwenda pembeni, na mara gari limejikunja katikati ya njia. Ukivuta mkono kidogo kabla ya kukanyaga, tela linaanza kubaki nyuma na gari zima linanyooka, kama ng'ombe anayevutwa mkia asigeuke njiani.

Kufunga mkono si kukata paipu ya njano na kuuchomeka hapo, ingawa nimeona waliofanya hivyo. Upepo unaotoka kwenye mkono ukikutana na paipu ya pedeli iliyoachiwa, utarudi kinyumenyume na kutokea kwenye tundu la valvu ya pedeli. Utausikia ukipiga mluzi chini ya miguu ya dereva, na tela halitashika. Panatakiwa valvu ya njia mbili: kidude chenye milango miwili ya kuingilia na mmoja wa kutokea, ndani yake kizibo kinachokimbilia upande dhaifu na kuuziba. Pedeli inaingilia huku, mkono kule, na anayesukuma zaidi ndiye anayelifikia tela.

Upepo wa mkono niliutoa kwenye tangi lenyewe, nikaupitisha kwenye valvu ya kinga, ili paipu hiyo ikipasuka lori lisipoteze breki zake. Paipu ya nailoni niliipitisha ndani ya chesi, mbali na bomba la moshi, na pale inapotoboa sakafu ya kabini nikaivisha mpira isikatwe na bati. Mkono wenyewe niliufunga kushoto kwa usukani, unapofikiwa bila dereva kuinama, na goti lisipoweza kuugusa.

Kupima ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Geji niliifunga kwenye kiungio cha njano, tangi likiwa na bar 7 hivi, kijana akavuta mkono polepole. Mshale ulipanda naye, ukasimama aliposimama, na alipoachia ukaanguka hadi sifuri mara moja. Kisha pedeli nusu, na mkono juu yake: mshale ukamfuata mwenye nguvu. Tukapaka sabuni kila kiungo, tukazima injini, tukakaa kimya kusikiliza.

Tulipounga tela, dereva alivuta mkono, akaweka gia ya kwanza na kuachia klachi taratibu. Lori likagoma kuondoka. Hapo alijua kwamba ndoano imeshika na breki za tela zimeshika. Nilimtaka afanye hivyo kila asubuhi. Nilimwambia pia asiteremke mlima mzima akiwa ameushikilia, kwa sababu dramu za tela zitaungua peke yake na hatakuwa na breki zitakapohitajika.

Jambo moja nimelikataa na nitaendelea kulikataa. Mzee aliomba niweke komeo mkono ubaki umevutwa lori likiegeshwa. Upepo huvuja. Hata viungo bora huvuja kidogo kidogo, na usiku, dereva amelala chini ya bodi, tela linaweza kujiachia. Kuegesha ni kwa breki ya kuegeshea na mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Alinuna, akanilipa, msimu uliofuata akaniletea lori jingine.

Kinachoniuma ni matela ninayoyaona msimu wa pamba yakivutwa huku viungio vyake vimefungwa kwa mpira, bila breki hata moja. Njia yanazopita zina mikokoteni ya ng'ombe, akina mama wenye ndoo, watoto wanaotoka shule. Mwenye lori akiniambia spea ni ghali, namwonyesha bei ya valvu ya njia mbili na bei ya pamba iliyomo kwenye tela lake.

Sasa mikono ya tela anaifunga binti aliyejifunza kwangu. Ana masikio makali kuliko yangu. Yeye huanza kwa kumwaga maji yaliyojikusanya kwenye matangi ya upepo mbele ya dereva, kisha humkabidhi dereva koki aifunge mwenyewe, na hamruhusu kuondoka hadi amweleze upepo umefika wapi.